Dakika Saba, Roho Juu

Leo nataka tuzungumze juu ya furaha. Si furaha ya harusi wala ya mpira. Nataka tuzungumze juu ya watu wazima, wenye shahada zao na mvi zao, waliopiga mayowe na kukumbatiana huku wakilia kwa sababu gari moja lisilo na dereva wala abiria limetua salama kwenye sayari nyingine.

Swali langu ni moja tu, na nitalirudia njiani ili tusipotezane: watu wale walikuwa wanafurahia nini hasa?

Tuanze na siku yenyewe. Ni Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2012. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 2:32 asubuhi. Tulikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, waliofunga wameshakula daku na kwenda kazini. Na kama kulikuwa na gumzo asubuhi ile, hasa kwa ndugu zetu wa Kenya, lilikuwa la Olimpiki ya London, maana usiku uliotangulia Ezekiel Kemboi alikuwa amechukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kwa hiyo sisi tulikuwa na furaha yetu tayari.

Lakini huko Pasadena, California, bado ilikuwa Jumapili, saa 4:32 usiku. New York ilikuwa saa 7:32 usiku wa manane. Na hapo New York, kwenye uwanja wa Times Square, mamia ya watu walikuwa wamesimama wametazama juu kwenye skrini kubwa ukutani. Sasa nisikilizeni vizuri. Skrini ile haikuwa inaonyesha sayari ya Mirihi, ile ambayo wengi mnaiita Mars. Hakukuwa na kamera ya kuonyesha hilo moja kwa moja. Ilikuwa inaonyesha chumba. Chumba chenye watu waliovaa fulana za bluu, wamekaa mbele ya kompyuta, hawasemi mengi. Watu wameacha vitanda vyao usiku wa manane, wamekuja kutazama watu wengine wamekaa kwenye viti! Ndiyo maana nauliza: walikuwa wanatazama nini? Walifurahia nini?

Kabla sijajibu, hebu tulijue gari lenyewe na safari yake, kwa sababu bila hilo hatutaelewana.

Gari linaitwa Curiosity, yaani udadisi. Jina hilo lilipatikana kwa shindano la insha la wanafunzi huko Marekani, na mshindi alikuwa msichana wa darasa la sita kutoka jimbo la Kansas. Lina magurudumu sita, uzito wa karibu kilo 900, na ukubwa wa gari dogo la kutembelea. Lilirushwa kutoka Florida mwezi Novemba 2011, likasafiri zaidi ya miezi minane. Safari yenyewe haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kushuka.

Mirihi ina hewa, lakini ni nyembamba mno. Mgandamizo wake haufiki hata asilimia moja ya ule wa hapa kwetu. Hapo ndipo penye ugumu: hewa hiyo inatosha kukuunguza, ila haitoshi kukusimamisha. Parachuti peke yake haifui dafu. Magari yaliyotangulia, Sojourner mwaka 1997, kisha Spirit na Opportunity mwaka 2004, yalishushwa yakiwa yamezungushiwa mifuko ya hewa, yakaanguka, yakadunda na kudunda tena, mpaka yakatulia. Lakini kilo 900? Mifuko isingehimili.

Basi wahandisi wakabuni jambo jingine. Nitalieleza polepole.

Chombo kinaingia kwenye hewa ya Mirihi kwa kasi inayozidi kilomita 20,000 kwa saa. Mbele yake kuna ngao ya joto, na joto la ngao ile linapanda kufikia kiasi cha kuyeyusha chuma. Kasi inapungua, lakini chombo bado kinakwenda kuishinda sauti. Hapo parachuti inafunguka, pana kiasi cha mita 16. Ngao inadondoshwa. Rada inaanza kuitafuta ardhi. Kisha chombo kinajikata kutoka kwenye parachuti, kinaanguka, roketi nane zinawaka. Zinakipunguza mwendo, zinakipunguza tena, mpaka kinafika kama mita 20 juu ya ardhi. Na hapo, wasikilizaji, roketi hazitui. Zinakaa juu, zinaliteremsha gari chini kwa kamba za nailoni, magurudumu yakining'inia! Magurudumu yakigusa ardhi, kamba zinakatwa, na ule mtambo wa roketi unaruka kando kwenda kujivunja mbali, usije ukaliangukia gari ulilokuwa umelibeba.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu roketi zikiwaka karibu na ardhi zinachimba mashimo na kutimua vumbi na mawe, na gari lingeharibiwa na mashine ileile iliyokuja kulishusha.

Yote hayo, tangu kugusa hewa mpaka kugusa ardhi, yanachukua dakika saba. Kumbukeni hiyo: dakika saba. Na sasa namba ya pili, halafu sitawachosha tena na namba. Siku ile Mirihi ilikuwa mbali kiasi kwamba mawimbi ya redio, ambayo hayana mpinzani kwa kasi, yalichukua karibu dakika 14 kufika duniani. Dakika saba za kushuka, dakika 14 za habari kufika. Mnaona maana yake? Wale watu wa Pasadena walipopata habari kwamba chombo chao ndiyo kwanza kimeingia kwenye hewa, kilikuwa kimeshatua muda mrefu. Ama kizima, ama vipande. Hakuna aliyeweza kushika usukani, hakuna aliyeweza kufunga breki. Ni sawa na mzazi aliye ndani ya daladala anakwenda shuleni kutazama matokeo ya mwanawe: karatasi imeshabandikwa ukutani, limeandikwa lililoandikwa, na yeye bado yuko njiani anaomba dua.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na karanga. Naam, karanga, hizi tunazozijua. Maabara ile ya Pasadena, inayoitwa JPL na iliyo chini ya NASA, shirika la anga la Marekani, ina desturi ya tangu mwaka 1964. Walikuwa wanarusha vyombo vya Ranger kwenda Mwezini, na vile sita vya kwanza vyote vilishindwa. Siku ya chombo cha saba, mtu mmoja akapitisha karanga chumbani ili watu wapunguze wasiwasi. Chombo kikafanikiwa. Tangu hapo, siku ya jambo kubwa, karanga hazikosekani. Hawa ni watu wanaokokotoa njia ya chombo mpaka sayari nyingine, na bado hawathubutu kuziacha karanga zao nyumbani. Mimi nawapenda kwa hilo.

Na kulikuwa na kijana mmoja, Bobak Ferdowsi, mmoja wa waongozaji wa safari, aliyekuja kazini amenyoa kiduku chenye nyota zilizochorwa pembeni. Dunia nzima ikamgeukia. Rais Obama alipowapigia simu wiki iliyofuata kuwapongeza, na yeye alikitaja kile kiduku.

Dakika zikaenda. Parachuti imefunguka. Roketi zimewaka. Halafu mhandisi Allen Chen akatangaza kwamba gari limegusa ardhi na liko salama. Chumba kikalipuka kwa kelele. Watu wakarukiana, wakalia. Kule New York waliokuwa wamesimama barabarani nao wakashangilia. Baada ya dakika chache ikafika picha ya kwanza: ndogo, haina rangi, imejaa vumbi, inaonyesha kipande cha gurudumu na ardhi. Mpiga picha wa harusi angeifuta hapohapo. Wao wakaishangilia kuliko bao.

Sasa turudi kwenye swali letu. Walifurahia nini?

Wengine watasema ni sayansi. Sawa, lakini mambo ya sayansi hugunduliwa kila wiki na hakuna anayekesha. Wengine watasema ni sifa za taifa, Wamarekani wanapenda bendera yao. Hilo limo, sibishi. Lakini mimi naona jibu liko kwingine. Wiki kadhaa kabla ya kutua, mwezi Juni, NASA ilitoa filamu fupi, na ndani yake wahandisi wenyewe waliwaeleza watu hatua kwa hatua namna mambo yanavyoweza kuharibika. Waliziita zile dakika saba kuwa ni za kutisha. Adam Steltzner, aliyeongoza kikosi cha kutua, alikiri kwamba ukiutazama mpango wao, unaonekana kama wazimu. Fikirini hilo. Mradi umegharimu dola bilioni 2.5, pesa za walipa kodi, na wenye mradi wanamwonyesha mlipa kodi kwa picha jinsi pesa hiyo inavyoweza kuishia kuwa shimo kwenye mchanga mwekundu.

Ndilo jibu langu. Watu walifurahi kwa sababu walikuwa wameonyeshwa hofu. Walikaribishwa ndani ya chumba kabla ya jibu kujulikana. Wangeitwa baada ya kufaulu, kuja kupiga makofi tu, wangepiga makofi kwa adabu na kwenda kulala.

Mtaniambia, ile filamu ilikuwa tangazo la biashara tu, NASA inataka bajeti. Ni kweli, inataka bajeti, nani asiyetaka? Lakini ni tangazo ambalo lingeweza kumuumbua mwenyewe mbele ya dunia, na mwaka 1999 maabara ileile ilikuwa imepoteza vyombo viwili vya Mirihi ndani ya miezi michache. Walijua uchungu wake.

Hebu tutazame upande wa pili, nchi iliyoficha. Mwezi Desemba 1971, Muungano wa Kisovyeti ulitua Mirihi kwa chombo kiitwacho Mars 3. Kilikuwa cha kwanza katika historia kutua kule bila kuvunjika. Kikatuma mawimbi kwa sekunde chache, hata nusu dakika haikufika, kikanyamaza moja kwa moja. Ndani yake kulikuwa na kigari kidogo cha kilo nne na nusu, hakina magurudumu, kimeundwa kutembea kwa vibao kama vya kuteleza thelujini, kimefungwa kwa waya wa mita 15. Kigari cha kwanza cha binadamu kutua Mirihi bila kuvunjika! Na kwa miaka mingi ulimwengu haukuambiwa kwamba kilikuwepo. Wale wahandisi waliokiunda kwa mikono yao, nani aliwapa pole? Hakuna. Watu watakupaje pole kwa msiba ambao hawajaambiwa?

Mfano mwingine, huu unanigusa zaidi. Uingereza, Krismasi ya mwaka 2003. Profesa mmoja mwenye ndevu kubwa za mashavuni, Colin Pillinger, alikuwa ameizungusha nchi nzima kwa maneno juu ya chombo chake kidogo, Beagle 2. Bendi ya Blur ikakitungia muziki wa kuita nyumbani kikitua. Msanii Damien Hirst akakichorea kibao cha rangi cha kupimia kamera. Fedha hazikutosha, muda haukutosha, na mambo hayo watu waliyajua. Siku ya Krismasi ikafika, Waingereza wakasubiri ule muziki. Haukuja. Wakasubiri siku ya pili, wiki, mwezi. Kimya.

Je, walimcheka? Wapo waliomcheka, na kuna ripoti zilizoukosoa mradi ule vikali. Lakini watu wa kawaida walimpenda mpaka mwisho. Alifariki Mei 2014. Januari 2015 ikatangazwa kwamba chombo chake kimeonekana katika picha za setilaiti inayoizunguka Mirihi. Kilikuwa kimetua salama! Paneli zake za jua hazikufunguka zote, basi, ndiyo maana hakikuweza kupiga simu nyumbani. Ilibaki miezi minane tu mzee yule alijue hilo. Na habari ile ilipotoka, Uingereza ilifurahi na kusikitika kwa pamoja, miaka 11 baada ya kushindwa.

India pia wanalijua jambo hili. Najua Mwezi si sayari, msinipigie simu. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 2019, kule Bengaluru, waziri mkuu Modi yupo chumbani, watoto wa shule wamealikwa, nchi inatazama. Chombo chao kilipokaribia ardhi ya Mwezi, mawasiliano yakakatika. Asubuhi, mkuu wa shirika lao la anga, K. Sivan, akalia kifuani mwa waziri mkuu mbele ya kamera. Mtu mzima, mkuu wa shirika, analia hadharani. Kuna nchi ambapo picha ile ingezuiwa isitoke. Wao waliiacha. Na miaka minne baadaye, tarehe 23 Agosti 2023, waliporudi na kutua salama na kigari chao Pragyan, watu zaidi ya milioni nane walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja kwenye YouTube. Mimi naamini sehemu kubwa ya shangwe ile iliandaliwa na machozi ya 2019.

Najua yupo msikilizaji sasa hivi ameshika kiuno anasema: bwana mtangazaji, unga umepanda bei, wewe unatueleza magari ya Mirihi. Una haki, ndugu yangu. Sitakudanganya kwamba gari lile litashusha bei ya unga. Wala sitatumia ile hoja ya kwamba eti utafiti wa anga hutuletea vifaa vya nyumbani. Sijawahi kuipenda, kana kwamba udadisi lazima ujitetee kwa kuleta sufuria. Gari lile lilitoboa mwamba mwaka 2013 ndani ya bonde la Gale, likakuta tope lililoganda la ziwa la kale, ziwa lenye maji ambayo vijidudu vingeweza kuishi ndani yake mabilioni ya miaka iliyopita. Ndicho walichokwenda kutafuta, wakakipata. Kama pesa ile ilistahili, hilo ni shauri la Wamarekani na bunge lao. Mimi leo nazungumzia kitu ambacho hakikuwagharimu chochote: kufungua mlango wa chumba.

Na hapo ndipo naona jambo hili linatuhusu hata sisi. Kwetu mwananchi huitwa siku ya kukata utepe. Hema limefungwa, brasi bendi ipo, hotuba ndefu. Siku ambayo wahandisi wetu walikuna vichwa, siku ambayo nguzo ilikataa kusimama wima, hatukuwepo. Hatukuambiwa. Halafu mgeni rasmi anashangaa mbona makofi ni ya kuhesabika.

Lakini tuwe waadilifu, mambo yanabadilika. Aprili 2023 Kenya ilipeleka setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California. Urushaji ukaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, zaidi ya mara moja, na Wakenya wakaahirishiwa nao, hadharani, wakiwa mbele ya runinga na simu zao. Tarehe 15 asubuhi ikaruka. Waulizeni waliosubiri zile siku kama shangwe ilikuwa ya kulazimishwa.

Kuna jambo dogo linanikera katika mapenzi haya ya magari ya mbali, na nitalisema kabla muda haujaniishia. Gari la Opportunity, nililolitaja mwanzoni, lilipangiwa miezi mitatu, likafanya kazi zaidi ya miaka 14, mpaka dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018 ilipolifunikia jua. Februari 2019 NASA wakatangaza kwamba limekwisha. Dunia ikalia. Na kukasambaa sentensi moja, eti ni maneno ya mwisho ya gari, kwamba betri imepungua na giza linaingia. Wasikilizaji, gari halikusema hivyo. Gari lilituma takwimu za umeme na mwanga. Maneno yale aliyaandika mwandishi wa habari, kwa kufupisha alichoelezwa na wanasayansi. Kosa si lake. Waliosambaza ndio waliolipa gari ulimi. Gari halikuogopa giza. Walioogopa ni wale waliokaa miezi wakilitumia amri mamia kwa mamia, amka, amka, bila jibu, na wengine wao walikuwa wameanza kazi hiyo wakiwa vijana. Kama una machozi, wapelekee wao.

Curiosity yenyewe bado iko kazini, inapanda mlima ulio katikati ya bonde la Gale, magurudumu yametoboka matundu. Na Ulaya wana gari lao linaloitwa Rosalind Franklin, limekwama chini kwa miaka kwa sababu za kiufundi na za kisiasa. Lilikuwa liende na Warusi, vita vya Ukraine vikaukata ushirikiano huo. Mpango wa sasa ni kurushwa mwaka 2028. Likifika salama, litachimba mita mbili kwenda chini, kina ambacho hakuna gari lililowahi kukifikia kule. Ikifika siku yake ya kutua, na kama watatufungulia chumba chao, nami nikiwa bado nina kipindi hiki, tutalifuatilia pamoja hapahapa. Karanga mje nazo wenyewe.

Kwa leo niishie hapo. Wiki ijayo nitasoma ujumbe wenu kuhusu mazungumzo haya, hata wa yule bwana wa unga.